Tupeane uzoefu: kupaka rangi kuta za nje za nyumba zilizoshikana

Ukuta wa Kati
Wakuu, heshima kwenu. Leo nimepita mahali fundi anavuta mpaka kati ya nyumba iliyopakwa upya na ya pembeni iliyopauka, mwenye ile iliyopauka kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikakumbuka yangu yote.

Waliopaka nyumba za safu wananielewa. Gata ni moja, bomba la maji ya mvua ni moja, plasta imepita mfululizo toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna hata kona ya kukuonesha kwako panaishia wapi. Fundi niliyempata alifuata ufa wa zamani akidhani ndio mpaka. Rangi ilipokauka, juu nimeingia kwa jirani kiganja kizima, chini jirani kaingia kwangu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Sasa dirisha langu limekuwa lako?" Miezi mizima tunasalimiana kwa kuitikia kichwa. Nyie yaliwakuta yapi?

Binti Timazi
Mkuu, mpaka haukadiriwi kwa jicho. Pima kwa ndani upate katikati ya ukuta unaowatenganisha, hamishia kipimo nje, shusha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) toka juu, piga uzi wa chaki. Jirani awepo unapopiga uzi, aone kwa macho yake. Kisha bandika teipu ya karatasi upande wake, na ukingo wa teipu upitishie kwanza rangi ileile ya jirani. Ikipenya chini ya teipu, inapenya rangi yake mwenyewe, haionekani. Ndipo upake yako. Teipu bandua rangi ikiwa mbichi.

Nipo Nasoma
Hapo kwenye kubandua mbichi naunga mkono kwa mikono miwili. Ikikauka nayo inaondoka na ngozi.

Brashi Pana
Kwenye plasta ya kukwaruza teipu haishiki hata ufanyeje. Mkono uliotulia na brashi ya ncha ya mshazari, basi.

Mpangaji Mkongwe
Mbona mnateseka? Safu nzima ipakwe rangi moja, mpaka wa nini tena?

Brashi Pana
Rahisi kusema. Kwetu tulikubaliana hivyo, kila mwenye nyumba akanunua ndoo zake, jina la rangi lilelile, namba ileile. Jua la mchana lilipopiga kila mtu akaona: krimu ya kwetu ina unjano, ya jirani ina uwaridi kwa mbali. Kumbe ndoo zilichanganywa siku tofauti. Mkiamua kupaka pamoja, nunueni kwa pamoja, mimineni ndoo zote kwenye pipa moja, korogeni, ndipo mgawane. Na msisimame katikati ya ukuta mkaenda kula. Simameni kwenye bomba, kwenye kona au ukingo wa dirisha, la sivyo pale mlipoungia pataonekana maisha yote.

Mama Nyumba ya Pili
Jamani hii mada imenigusa. Yangu ni ndefu, nivumilieni.

Nyumba yangu imebanwa katikati, kushoto mtu, kulia mtu. Niliinunua ukuta wa mbele ukiwa umeshapakwa ile rangi nene inayovutika, inayosifiwa haipitishi maji. Aliyeniuzia alisema nisahau habari za kupaka kwa miaka mingi. Mvua za kwanza zikapita salama. Zilizofuata, chini ya dirisha la juu pakaanza kuvimba. Asubuhi moja nafungua dirisha nakuta ukuta una tumbo. Tumbo kabisa, limening'inia, ukiligusa linacheza.

Nikamwita fundi. Akapanda ngazi, akaligonga kwa kipini cha brashi, akaniambia, "Mama, humu mna maji." Nikamjibu maji yatoke wapi na rangi yenyewe haipitishi maji? Akatoboa kwa ncha ya kikwaruzo. Wallahi, maji ya kahawia yalimrukia usoni na kifuani, ngazi ikayumba, mimi chini nimeikumbatia napiga kelele. Alipopata pumzi akavuta ile ngozi ya rangi. Ikabanduka toka dirishani mpaka karibu na mlango, na plasta ikafuata nyuma yake kwa kishindo. Pande kubwa likaangukia kwenye vipandio vya mlango wa jirani, mahali ambapo mtoto wake hukaa kucheza kila asubuhi. Siku hiyo alikuwa ndani. Nikifikiria hilo mpaka leo mwili unanisisimka.

Chanzo ni gata. Kiungo chake kiko juu kabisa ya ukuta tunaochangia na kilikuwa kimeachia. Maji yanaingia kwenye kichwa cha ukuta, yanashuka nyuma ya plasta, yanatafuta pa kutokea. Ukuta ungeweza kupumua yangetoka kidogokidogo na jua likayamaliza. Pale yalifungiwa. Tulirekebisha gata kwanza, tukabandua rangi yote, ukuta ukaachwa wazi kiangazi kizima, ndipo tukapiga plasta upya. Watu walikuwa wananiuliza kama nimeishiwa hela. Nikawaacha waulize.

Nipo Nasoma
Pole sana mama. Nimesoma mkono kifuani.

Mpangaji Mkongwe
Pole. Ila gata alilipa nani?

Mama Nyumba ya Pili
Tuligawana nusu kwa nusu. Mwanzo alikataa, akisema maji yameonekana kwangu kwa hiyo ni yangu. Nikapiga picha mvua inanyesha, kile kiungo kinamwaga pande zote mbili. Alipoiona alinyamaza, akaenda kuleta fedha.

Fundi Rola
Pole dada. Lakini tusiionee rangi. Rangi ilifanya kazi yake, mkosaji ni gata.

Mzee wa Chokaa
Lazima ilaumiwe. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa ukiufunga kwa ngozi ya plastiki unauua taratibu. Chokaa ukiipaka inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, unyevu unaingia na kutoka. Hata rangi za madini, zile za silikati ambazo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim alizipatia hataza mwaka 1878, hazikai juu ya ukuta bali zinashikana na plasta yenyewe. Hapo tumbo litatoka wapi?

Fundi Rola
Malizia basi mzee. Silikati ya asili haishiki juu ya rangi ya plastiki. Mtu mwenye tabaka nne za rangi ya maji ya kisasa, ambayo nayo ni plastiki, afanyeje?

Mzee wa Chokaa
Abandue.

Fundi Rola
Ukuta mzima wa ghorofa? Unaongea hivyo kwa sababu kikwaruzo atashika mwingine.

Mzee wa Chokaa
Nimekishika kabla hujazaliwa kijana.

Binti Timazi
Tuheshimiane, wote mna hoja. Ukuta wa saruji wenye rangi ya maji inayoshika vizuri, paka rangi ya maji. Wa chokaa ambao haujawahi kufungwa, msiufunge. Na tofali la kuchoma lililo wazi msiliguse kabisa, maana rangi ikishaingia kwenye vinyweleo vyake haitoki.

Mama Kona
Kabla hujabishana rangi gani, pitisha kiganja kwenye ukuta mkavu. Kikitoka na unga mweupe, rangi yoyote utakayoweka itaondoka na ule unga. Piga brashi ngumu, osha, acha ukauke, pitisha praima (rangi ya msingi) ya kushika unga. Palipo na kuvu weusi ua kwanza kwa klorini iliyozimuliwa, suuza, ndipo upake. Ukipaka juu yao watarudi.

Mpangaji Mkongwe
Plasta mpya je? Mimi niliambiwa wiki mbili zinatosha.

Fundi Rola
Zinatosha kukauka juu tu. Saruji mbichi ina ukali wa alikali unaokula rangi, unaona mabaka na weupe wa chumvi. Ngoja wiki 4, na praima iwe ya kuhimili alikali.

Brashi Pana
Kwetu walipaka baada ya wiki mbili na mpaka leo iko sawa.

Fundi Rola
Mshukuru Mungu, usimshauri mwingine.

Jirani Mwekundu
Mnaopenda rangi kali, jambo moja. Ukuta unaotazama jua la alasiri, nyekundu ing'aayo ilipauka ikawa waridi wakati kwa jirani bado iko vilevile kwa sababu ana kivuli cha mti. Safari iliyofuata tulichukua nyekundu ya udongo, ile ya oksidi ya chuma, na haijatikisika.

Mama Kona
Na nyumba za zamani sana msipige msasa mkavu. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Kwenye safu vumbi lako linaingia dirishani kwa watoto wa watu. Lowesha, kwangua ikiwa na maji, tandika turubai chini hadi mbele ya mlango wa jirani, umwombe afunge madirisha.

Nipo Nasoma
Naomba kujua ninunue kiasi gani. Ukuta wa mbele tu, plasta ya kukwaruza.

Fundi Rola
Pima upana mara kimo, toa milango na madirisha. Plasta laini lita 1 inafika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Ya kukwaruza hesabu nusu ya hapo, mara mikono miwili. Bakiza kidogo kwenye kopo lililofungwa vizuri na uandike namba ya mchanganyo.

Mama Nyumba ya Pili
Na ngazi! Kila mita 4 za kwenda juu, mguu utoke ukutani mita 1. Usiiegemeze kwenye gata. Mtu wa kuishikilia awepo.

Jirani Mwekundu
Kuna aliyetumia mashine ya kupulizia?

Brashi Pana
Usithubutu kwenye safu. Upepo kidogo tu na matone yanakaa kwenye vioo vya nyumba tatu na gari la mtu. Rola.

Binti Timazi
Inawezekana siku tulivu kabisa na vioo vimefunikwa. Ila kwa ukuta mmoja wa mbele, muda utakaotumia kufunika ungeshamaliza kwa rola.