MREJESHO: Joto la nyumba ya bati, Mabatini Mwanza

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza namna ya kupunguza joto ndani bila kiyoyozi kumaliza uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla). Nilifuata ushauri wa kupaka bati rangi nyeupe na kutoboa matundu ya hewa juu ya kuta, pande mbili zinazotazamana, nikaweka na wavu wa mbu. Sebule sasa inakalika mchana. Ukigusa dari haichomi tena, na upepo wa ziwa unapita wenyewe. Kiyoyozi kinachokula kama wati 1,000 nimekizima, natumia feni ya wati 75. Uniti zinadumu kweli. Chumba cha nyuma ndicho kimegoma: kimepakana na jiwe kubwa, nalo linatoa joto mpaka usiku wa manane. Pazia zito halikusaidia kitu. Kwa aliyeshauri mti upande wa magharibi, mwarobaini umeshashika.