Mjadala: Mchungaji wa timu aandikwe benchi la ufundi?

Mtoto wa Changamwe: Wadau, timu yetu ya mtaa ina mchungaji anayekuja mazoezini. Halipwi. Anabeba maji, anakaa pembeni na majeruhi, na siku ya mechi anaomba kabla vijana hawajaingia uwanjani. Sasa viongozi wanataka kumwandika rasmi kwenye benchi la ufundi. Karibu nusu ya wachezaji ni Waislamu. Mwasemaje?

Bi Majengo: Mchungaji mwenyewe sina neno naye, ana adabu zake. Neno langu ni lile duara. Vijana wanashikana mikono, dua inafungwa kwa jina la Yesu, na mtoto wa ndugu yangu amesimama humo kimya, macho chini, kwa kuwa akitoka kocha atamwona mjeuri. Katiba ya Kenya kifungu cha 32 kimekataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na dini yake. Huku ni kulazimishwa, hata kama hakuna aliyeshika kiboko.

Mzee wa Mbaraki: Mwanangu, mchungaji wa timu si wa kuombea mabao. Mchungaji John Boyers wa Uingereza aliianza kazi hii klabu ya Watford 1977, baadaye akaenda Manchester United. Na Muamba, mchezaji wa Bolton, alipoanguka moyo ukasimama, wakicheza na Tottenham 2012, mchungaji wa Bolton alikuwa na familia ya Muamba hospitalini. Huku kwetu kijana akiumia goti anapakiwa kwenye tuktuk, basi, timu imeshamsahau. Afadhali mchungaji kuliko wale waganga wa Kinango, kule Kwale, tuliokuwa tukiwachangia zamani.

Mduruma Asili: Shikamoo mzee. Lakini hapo umetukosea. Kila uchawi ni Kinango? Waliokuwa wakivuka feri usiku na jezi ya kipa ndani ya mfuko ni viongozi wenu wa mjini. Sisi Waduruma wa Kinango hatukuja kuwagongea mlango. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ndugu zetu wote wa pwani, UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia 2008, nyinyi mpaka leo mkituona mwaona hirizi tu.

Winga Mstaafu: Kweli kabisa. Kombe la Afrika kule Mali 2002, Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Kamerun, alikamatwa na polisi uwanjani kabla ya nusu fainali, ati ameweka hirizi. Yeye naye alitoka Kinango?

Mzee wa Mbaraki: Sikutaja kabila, nimetaja mahali. Nilimwona kipa wetu kwa macho yangu, kafungwa kitambaa cheusi ndani ya glavu, na mabao yakaingia vilevile.

Mduruma Asili: Ukitaja Kinango umemtaja nani basi?

Mama Kipa: Jamani, mganga kaingiaje hapa? Mwanangu alikuwa akienda mazoezini hajala tangu asubuhi. Kocha hakujua, maana ukimwambia kocha una njaa, Jumamosi hupangwi kikosini. Mchungaji alielezwa yote kwa sababu yeye hapangi kikosi. Sasa mkimketisha benchi moja na kocha, ni mtoto gani tena atampa siri yake?

Winga Mstaafu: Mama Kipa, makocha wote mshawafanya makatili. Mimi nimefundisha mpira, nimelisha vijana wa watu kwa mfuko wangu, na hakuna mzazi aliyekuja kusema ahsante.

Bi Majengo: Mmetaja njaa, na Ramadhani je? Mazoezi saa kumi jioni, jua la Mombasa mwalijua, mtoto amefunga. Mchungaji alisema nini? Wenzetu Uingereza 2021, kipa wa Crystal Palace alisubiri kupiga mpira wa goli ili Fofana wa Leicester afuturu.

Mtoto wa Changamwe: Bi, hapo umemwonea. Yeye ndiye aliyewakabili viongozi mpaka mazoezi yakasogezwa baada ya tarawehe. Muulize huyo mtoto wa ndugu yako.

Bi Majengo: Nimekusikia, na Mungu amlipe. Lakini wema wake hauliondoi lile duara. Mkimwandika, na ustadh aandikwe, na dua kila mtu aombe moyoni mwake.

Mzee wa Mbaraki: Watu wawili wa dini benchini, na mtunza vifaa anakaa chini kwenye nyasi! Pesa za usafiri wao atatoa nani?

Mduruma Asili: Mzee, kabla ya usafiri, lile neno la Kinango hujalifuta.