Fundi, kama hujawahi kufungua shoki ya hewa, sema hujui!

Mnisamehe nikikosa adabu mahali, naandika hasira zikiwa bado mbichi.

Nina baiskeli ya milimani yenye shoki mbele na nyuma. Niliinunua mkononi kwa Mtaliano aliyekuwa akihama hapa Malindi kurudi kwao. Yeye alikuwa mwembamba kama ufito, mimi nina kilo 92. Kwa hiyo tangu nianze kuipeleka njia ya Marafa (unavuka daraja la Sabaki, mbele unakata kushoto, unaagana na lami), shoki ya nyuma inagonga mwisho kila nikitumbukia korongoni. Ngoo! Unaisikia mpaka kwenye meno.

Huo si ugonjwa. Mwendo wa shoki yangu ni milimita 50, na ukiikalia inatakiwa izame kama asilimia 30, yaani milimita 15. Kile kipira chembamba kwenye nondo ndicho kinachokuonyesha. Nishaipima, nishaijaza kwa pampu yake ndogo, kuzama kuko sawasawa. Kilichobaki ni kutia vipande vya plastiki ndani ya chumba cha hewa ili nafasi ipungue, basi hewa ikaze zaidi shoki inapokaribia mwisho. Unatoa upepo wote, unafungua kopo la nje, unapachika, unabadilisha sili (vile vipira vya kuzuia hewa isivuje), unapaka grisi, unafunga. Ningefanya mwenyewe, ila sina jiriwa, na kopo lilikuwa limeng'ang'ania. Chumvi ya bahari hapa haina huruma na aluminiamu.

Nikampelekea fundi, pamoja na vipande na sili nilizoagiza Nairobi kwa pesa zangu. Nikamuuliza waziwazi: umewahi kufungua shoki ya hewa? "Ami, hizi nimefanya nyingi, usiwe na wasiwasi." Nikamwamini, na sikuwa mjinga kumwamini. Kijana huyu huyu alininyoshea gurudumu lililopinda kama chapati, anabana spoku moja moja huku anapiga soga, likatoka limenyooka kabisa. Kwa shoki tukaelewana elfu nne na mia tano, elfu tatu nikampa mbele.

Siku tatu zikawa wiki mbili. Ami njoo kesho. Ami stima zimepotea. Ami nilikuwa mazishini. Mwisho akanikabidhi shoki inang'aa, na kifuko kidogo juu yake: "Hizi zilibaki."

Zilibaki! Nami badala ya kukifungua pale pale nikakitia mfukoni nikaondoka.

Sikufika hata Ganda. Shoki inanirusha kama punda aliyekataa mzigo. Kile kirungu chekundu cha kupunguza kasi ya kurudi, nikizungusha mpaka mwisho hakuna tofauti. Nikiibana inalia kwichi, kwichi, kwichi, na oili inachirizika kwenye nondo. Nikafungua kifuko. Vipande vyote vimo. Sili zote zimo, bado kwenye karatasi yake.

Nikarudi kumuuliza, sasa ulifanya nini? Akanieleza bila hata kupepesa macho: aliona skrubu upande wa tangi la shoki, akaifungua "kutoa hewa ya zamani", ikapiga tsss. Yakhe, ile si hewa ya zamani! Ni naitrojeni iliyotiwa kiwandani nyuma ya pistoni, inaisukuma oili muda wote ili isitoe povu shoki inapofanya kazi. Ikitoka, oili inageuka povu, na povu haliwezi kuzuia springi ya hewa isirudi kwa kasi. Kisha akaona oili "imechoka", akaimwaga, akatia ya injini ya bodaboda. Nani alimtuma huko? RockShox wenyewe, watengenezaji wa shoki, wanatenganisha hizi kazi: chumba cha hewa kila saa 50 za kuendesha, huko kwenye oili ni saa 200. Mimi niliomba ile ya kwanza tu.

Na suluhisho lake? Twende pale wanapojaza naitrojeni kwenye matairi ya gari. Tairi la gari ni PSI (kipimo cha nguvu ya upepo) thelathini na kitu. Shoki inataka mamia, na kifaa chake maalumu.

Angeniambia "Ami, hii siijui", ningemshukuru na chai ningemnunulia. Gurudumu ningeendelea kumpelekea yeye. Sasa namdai elfu tatu na oili ya watu, naye kanijibu eti mimi ndiye nina deni la elfu moja na mia tano.

Kuna mtu wa huku Pwani aliyewahi kupeleka shoki Nairobi ikafunguliwa, ikatiwa oili yake na naitrojeni, ikarudi nzima? Ulilipa ngapi, na uliituma kwa basi au kwa mkono wa mtu? Na kama sehemu za ndani zishaharibika, bora nitafute nyingine ya 210 kwa 50 (urefu milimita 210, mwendo 50)? Tafadhali msiniambie ninunue baiskeli isiyo na shoki, shemeji yangu amenitosha.