Neno "fatigate" katika Coriolanus: lilitoka wapi na kwa nini limetoweka?

Msomaji wa Kisauni

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Katika kikundi chetu cha kusoma tamthilia tumefikia kitendo cha pili, onyesho la pili, la Coriolanus, pale jemadari Cominius anapomsifu Martius mbele ya wazee wa Roma kwa ushujaa aliouonyesha Corioli. Anasema kwamba roho ya mtu huyo iliuhuisha tena mwili uliokuwa "fatigate", naye akarudi vitani. Kamusi tulizo nazo zina "fatigue" na "fatigued", lakini neno hilo hazina. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kuwa ni kosa la mpiga chapa, na wengine wanasema Shakespeare alilibuni mwenyewe. Namwomba anayeijua historia yake atufafanulie, na atueleze pia imekuwaje "indefatigable" (asiyechoka) likabaki hai ilhali mwenzake amekufa.

Maalim wa Tudor

Wa alaykumu s-salaam. Si kosa la chapa, wala Shakespeare hakulibuni. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "fatigare", yaani kuchosha, ambacho umbo lake la kueleza hali ya aliyechoshwa ni "fatigatus". Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 15 na ya 16, ambao wengi wao walisomeshwa kwa Kilatini tangu utotoni, walikuwa na desturi ya kuyachukua maumbo kama hayo, kuyakata mwisho wa Kilatini na kuyatumia kama vivumishi. Kwa hiyo "fatigate" katika mstari huo ni kivumishi kamili, "aliyechoka", na halihitaji kuongezwa chochote. Baadaye watu walianza kuiona "-ate" kuwa alama ya kitenzi, wakawa wanasema "fatigated", na vivumishi vingi vya aina hiyo vikapoteza nafasi yake.

Ushahidi kwamba neno lilitangulia tamthilia ni mwepesi kuupata. Coriolanus ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1623. Miaka 70 kabla ya hapo, mwaka 1553, Thomas Wilson alitoa kitabu chake cha ufasaha wa kusema, The Arte of Rhetorique, na ndani yake akaweka barua ya mtu wa Lincolnshire anayeomba nafasi ya kanisani iliyokuwa wazi. Barua hiyo imejazwa Kilatini kilichovishwa nguo za Kiingereza, kwa nia ya kuwakejeli wanaoandika hivyo, na karibu na mwisho wake mwombaji anasema hataki tena "kuifatigate" akili ya bwana wake. Waingereza wa wakati huo waliyaita maneno ya aina hii maneno ya pembe ya wino, kwa maana kwamba yalizaliwa katika kidau cha mwandishi wala hayakutoka kinywani mwa watu.

Karani wa Kizingo

Naomba niongeze jambo dogo kuhusu hivyo vivumishi vya "-ate", kwa kuwa kimoja napitana nacho kazini kila siku. Hati nyingi za zamani za kumiliki ardhi hapa Mombasa zinakieleza kiwanja kuwa kiko "situate in Mombasa", na vijana wanaokuja kujifunza kazi hutaka kusahihisha waandike "situated". Hakuna kosa pale. Ni umbo lile lile analolieleza Maalim, lililohifadhiwa na lugha ya mawakili kwa sababu wao hunakili matamko ya hati neno kwa neno.

Mkaazi wa Kibokoni

Nashukuru kwa maelezo, lakini naona sababu ya kifo chake iko wazi zaidi ya hapo: lilikuwa neno la kalamu. Sisi pia tuna maneno yenye asili ya Kilatini. "Meza" ni "mensa" ya Warumi, iliyotufikia kwa "mesa" ya Wareno, na haikuhitaji kamusi ili ienee, maana ilikuja pamoja na kitu chenyewe na watu wakakitumia. "Fatigate" halikuwaletea Waingereza kitu chochote kipya. Kuchoka walikuwa wakikujua na neno lao wenyewe walikuwa nalo. Sir John Cheke, mwanachuoni wa Cambridge, alikwishaonya mwaka 1557 kwamba lugha yao iandikwe safi bila kuharibiwa kwa kukopa, na nadhani alikuwa na haki.

Maalim wa Tudor

Ndugu yangu wa Kibokoni, hoja yako ina uzito, ila naipinga, kwa sababu ingekuwa kweli basi nusu ya Kiingereza cha leo isingekuwepo. Irudie barua ile ile ya Wilson. Humo "fatigate" limekaa pamoja na "ingent" na "revoluting", ambayo yamekufa, lakini pia pamoja na "celebrate", "extol", "dexterity" na "frivolous", ambayo mtoto wa shule anayajua. Mwaka 1601 Ben Jonson, katika tamthilia ya Poetaster, alimfanya mshairi mmoja anyweshwe dawa na kutapika maneno yake mbele ya hadhira. Yalitoka "oblatrant" na "furibund", yakatoka pia "conscious", "strenuous", "defunct" na "reciprocal". Yote yalichekwa siku moja, na manne hayo ya mwisho hayakudhurika. Kwa upande mwingine, Cheke alipoifasiri Injili ya Mathayo alimwita akida wa askari mia "hundreder", neno la Kiingereza kitupu, nalo halikushika.

Kilichoiua "fatigate", kwa maoni yangu, ni ndugu yake wa mama mmoja. Kifaransa kilikuwa kimerithi kitenzi hicho hicho cha Kilatini, na katika nusu ya pili ya karne ya 17 Waingereza wakaanza kutumia "fatigue", kwanza nomino, halafu kitenzi. Hilo lilikuwa fupi na liliweza kufanya kazi zote mbili. Lugha haikuwa na haja ya kuyalisha yote mawili. "Indefatigable" liliingia zima, kutoka "indefatigabilis", likiwa na viambishi vyake mbele na nyuma, na "fatigue" halikuzaa neno la kulipokonya kazi.

Na kwa kikundi chenu cha Kisauni: msikubali mtu awabadilishie "fatigate" kuwa "fatigued" mnaposoma kwa sauti. Hesabuni mizani ya mstari ule, "Re-quicken'd what in flesh was fatigate", mtapata kumi, na mkazo unaangukia silabi ya kwanza ya neno hilo na ya mwisho. Mkiweka "fatigued", mizani inapungua na mkazo unahama.