Mjadala: Vita vya Tanga vya 1914 viigizwe uwanjani, familia zije kutazama?

Mleta mada:
Wakuu, mwaka jana tukiwa safarini Ulaya, shemeji alitupeleka na watoto kwenye onyesho la kuigiza vita vya zamani. Sare za rangi, farasi, mizinga ya kweli, risasi zisizo na kichwa. Karibu yangu mzee mmoja mnene "alipigwa risasi", akageuka kwanza kutazama nyuma asije akaangukia mavi ya farasi, ndipo akafa. Jua lilipokuwa kali, maiti zikaanza kuongezeka chini ya mti. Watoto walicheka mpaka machozi, na mimi pia, siwafichi.

Sasa shemeji amekuja na wazo kwamba Tanga nayo ifanye hivyo kila Novemba. Anasema kisa tunacho, cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: watu kama 8,000 wa jeshi la Uingereza kutoka India wanashuka Ras Kasone, pwani ya Tanga, wanapambana na askari kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, wengine wameletwa kwa treni ya reli ya Usambara. Nyuki wanachokozwa wanashambulia kila mtu. Waingereza wanarudi melini, wanaacha bombomu (bunduki za rashasha) na risasi kama laki sita. Nani hatakata tiketi?

Mimi napinga. Kelele na moshi havinisumbui. Tatizo ni kwamba uwanjani kinaingia kile tu kinachopendeza macho. Tanga ilikuwa siku chache, tarehe 2 hadi 5. Vita Kuu yenyewe huku Afrika Mashariki iliendelea mpaka Novemba 1918, na walioteketea zaidi hawakuwa na bunduki. Walikuwa wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikusanywa kama milioni moja, na makadirio ya waliokufa yanafika karibu 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kariakoo tunayoisema kila siku jina lake limetokana na hao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Sasa niambieni, mtu anayeendesha tumbo kichakani huku mzigo uko kichwani, mtamwigizaje mbele ya familia iliyokaa kwenye mkeka?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo umeonea. Kitabu nacho hakisemi yote, mbona hatukichomi? Mwanangu yuko darasa la sita, ukimtajia 1914 anakutolea macho. Akiona moshi wa zile bunduki kuukuu za mtindo wa 1871 walizobeba askari wa Mjerumani, atauliza mwenyewe kwa nini wenzao walipewa mpya. Swali moja likizaliwa mimi nimeridhika. Makaburi ya vita hivyo yako pale pale Tanga, wewe umewahi kumpeleka mtoto? Wapagazi wapangwe mbele ya gwaride, biashara imeisha.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania mzigo, mimi nauliza sare. Nani atavaa ya askari wa Mjerumani na kushangiliwa kwa ushindi? Jeshi hilo hilo, miaka michache tu nyuma, ndilo lililozima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza watu kusini. Mtu wa Songea aje Tanga kumpigia makofi? Na aliyevaa ile sare alikuwa mwenzetu, hilo ndilo linaloniuma.

Mleta mada:
Ndugu wa pili umenishika pabaya, sikuwa nimefikiria makofi yataelekezwa kwa nani. Hilo peke yake lingetosha kuahirisha.

Wa kwanza, makaburini sijawapeleka, nakubali kosa. Ila kuwapanga wapagazi mbele ya gwaride ni kuwafanya pambo. Wakipita dakika mbili wakipunga mikono, mtoto ataondoka akidhani walikuwa wanasindikiza harusi.

Nitaunga mkono onyesho la namna moja tu. Hakuna bunduki. Kila baba na mama aliyekuja abebe kilo 25 kichwani, kutoka Ras Kasone mpaka stesheni ya reli, saa saba mchana, watoto wakifuata nyuma na kuhesabu mara ngapi mzazi ametua mzigo.

Nimempelekea shemeji pendekezo hili. Amejibu kwamba kubeba atabeba, lakini nyuki wasiondolewe.