Tupeane uzoefu: kusahihisha nyakati kwenye insha za Kiingereza

Mwalimu_Langoni: Nasahihisha insha za kidato cha pili, kosa ni lilelile: "He went to the jetty and see a boat." Sisi tukishasema alikwenda, -ka- inamaliza kazi: akaona, akapanda, akarudi. Kiingereza kinataka kila kitenzi kionyeshe wakati wake. Nyinyi mwafanyaje?

BintiShela: Hiyohiyo! Na "did not went" je?

Mwana_Amu: Msilione dogo hili. Mjomba alipakia unga botini Mokowe kuvuka kuja Amu (Lamu), mashine ikazima katikati, maji yakaingia, magunia yakalowa. Mwenye mali, kampuni ya Mombasa, akataka maelezo kwa Kiingereza. Mjomba akaandikiwa na mpiga chapa mmoja: "When we left Mokowe the engine had failed." Yaani mashine ilishakufa kabla hawajang'oa nanga! Jibu likaja: mlijua ni mbovu mkaondoka, lipeni unga wote. Mjomba akaketi barazani na barua mkononi, chai ikapoa. Ilitakiwa "The engine failed after we had left Mokowe." Tumepeleka barua ya pili, lakini nani ataiamini?

BintiShela: Subhanallah. Poleni sana.

Wa_Malindi: Si wangepigiana simu tu wakasema Kiswahili?

Mwana_Amu: Kaka, madai ya mali ni maandishi. Soma vizuri.

Maalim_Mstaafu: Pole mwanangu. Mwalimu, wacha wino mwekundu. Mpe mtoto penseli apige mstari chini ya kila kitenzi, kisha atafute neno la wakati. Penye "yesterday" haingii "has". Wanaandika "He has arrived yesterday" kwa sababu amefika jana kwetu ni sawa.

Mwalimu_Langoni: Maalim, darasa limejaa hadi mlangoni, penseli nitazisimamia saa ngapi? Wekundu ndio wanaoukumbuka.

Maalim_Mstaafu: Ukurasa ukijaa wekundu hausomwi. Leo nyakati peke yake, tahajia wiki ijayo.

Mwalimu_Langoni: Na karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya insha kwenye mtihani wa kidato cha nne, nayo itasubiri wiki ijayo?

Wa_Malindi: Waandike yote kwa "will", yaishe 😄

Mkomani: BintiShela, "did" ishabeba wakati uliopita. Kinachofuata ni "go" tu.

BintiShela: Ahsante. Maalim, kitenzi cha baada ya "and" nacho kipigwe mstari?

Maalim_Mstaafu: Anza na hicho, binti yangu. Ndipo wengi wanapoteleza.