MJADALA: Kitu kikitrendi tu, tayari ni habari?

Kuna hoja naisikia sana, hata kwa watu wa tasnia wenyewe, kwamba watu wakishakizungumzia kitu basi chombo cha habari lazima kikitoe, mambo ya ukweli yatajulikana mbele ya safari. Mimi napinga, tena kabisa.

Watafiti Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge kule Norway mwaka 1965 walitaja vigezo 12 vinavyofanya tukio liingie kwenye habari: ukubwa wake, kutotarajiwa, ubaya wake, kuwagusa wakubwa na kadhalika. Sasa angalieni vizuri, uvumi uliotungwa vizuri unavyo karibu vyote, pengine kuliko tukio la kweli, maana mtungaji habanwi na chochote. Vigezo vinakwambia kitu kinavutia, havikwambii kama kimetokea, kuthibitisha ni kazi nyingine na ndo hiyo inayorukwa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter, wakakuta za uongo zina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kuritwitiwa, na wanaozisukuma hasa ni binadamu, sio maroboti, yaani akaunti zinazojiendesha zenyewe. Kwa hiyo mhariri anayepanga habari kwa kufuata trendi anapanga kwa kipimo ambacho uongo unashinda.

Mtu atasema si watakanusha baadaye? Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la AP ilidukuliwa ikaandikwa kuna milipuko Ikulu ya Marekani na Obama ameumia, soko la hisa likaporomoka ndani ya dakika chache, ikakanushwa, soko likarudi. Sawa, soko linarudi. India mwaka huo wa 2018 watu waliuawa na umati kwa uvumi wa wezi wa watoto uliokuwa unaforwadiwa WhatsApp, hao nani atawarudisha?

Na kinachoniudhi zaidi ni vile vichwa vya "Je, ni kweli waziri amefariki?" Msomaji hafungui, anapita, jioni anamwambia mwenzie waziri amefariki, alama ya kuuliza imebaki kwenye simu.

Nakubali kukaa kimya nako kuna hatari, uvumi ukiachwa unaota mizizi. Ila uvumi ukiwa bado kwenye vigrupu viwili vitatu, ukiukanusha ukurasa wa mbele wewe ndo umeutangaza. Ukishaenea, au ukiwa unaweza kuumiza mtu, hapo kanusha, anza na ukweli kwenye kichwa cha habari chenyewe, uongo utajwe mara moja tu chini huko.

Wa "wananchi wana haki ya kujua" karibuni, ila mnijibu hili kwanza: mkikosea ukurasa wa kwanza, kwa nini masahihisho mnayaweka ukurasa wa ndani, mistari miwili?